Kitufe cha Hapana Hakikuwepo

Vijana wangu, munaniletea simu zenu hapa Kibabi, munanikuta nachambua maharage, munaniambia: "Mama Phonie, simu imeanza yenyewe. Sikugusa kitu. Imejibadilisha, na sasa inaleta matangazo tu." Halafu munacheka, kama mtu anayesimulia mbuzi wa jirani aliyeingia jikoni. Mimi sicheki. Nilifanya kazi na vyombo vya mawasiliano tangu miaka ya kwanza ya vita mpaka magoti yakakataa, na jambo hilo halijanichekesha hata siku moja. Leo nitawaambia sababu. Sauti yangu ikipanda munivumilie, maana itapanda.

Jina la Mama Phonie nililipata Kashuga, kwenye kituo cha afya. Phonie ni ile redio kubwa ya kusemezana kwa mbali, yenye waya mrefu wa antena uliofungwa kwenye mikaratusi na betri ya motoka chini ya meza. Aliyenifundisha ni Papa Bauma, Muhunde mwembamba ambaye hakuvua koti lake la sufu hata juani. Siku ya kwanza nilikamata kipaza sauti nikaanza kupiga kelele, "Allô! Allô!" Akaninyang'anya.

"Binti, unaingia mu nyumba ya bantu na makelele? Sikiliza kwanza."

"Nasikiliza nini, Papa? Sijaita bado."

"Sikiliza kama kuna mwenye kusema. Labda iko anaomba damu. Labda iko anaomba motoka ya mugonjwa. Wewe unaingia juu yake kusalimia tu, yule mugonjwa anakufa, na wewe hata hautajua."

Hiyo ndiyo kazi yote, vijana. Masafa yalikuwa ya vituo vyote, kuanzia milima ya Masisi mpaka msitu wa Walikale, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumkatiza mwenzake isipokuwa kwa kuokoa roho ya mtu. Niliishika sheria ile sana, pamoja na adabu zake zote. Kila usemi unamaliza kwa "terminé" ili mwenzako ajue ni zamu yake. Jumapili moja kanisani niliongoza sala, nikasema "Amina, terminé," na benchi zima la kina mama likaanguka kwa kicheko. Mchungaji alijikaza, lakini niliona mabega yake yanatikisika.

Baadaye phonie ikaonekana ya kizamani. Ofisi yetu ya Goma ikasema kila kituo kitapata ordinatere, ndiyo kompyuta, na sahani ya satelaiti juu ya paa, na habari zitatumwa kwa maandishi. Ordinatere ililetwa na Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Butembo ambaye kamyo yake ilikuwa inatuletea chumvi, sabuni na mafuta. Mtu mnene, Mkatoliki wa kweli, rozari inaning'inia mbele ya usukani. Aliifunga ile mashine ndani ya blanketi lake mwenyewe, akaiweka katikati ya katoni za sabuni isipigwe na mashimo ya barabara. "Mama, hii nimeibeba kama yai," akaniambia. Kamyo ileile iliondoka na phonie yetu. Nilisema tuiache angalau kwa akiba. Wakasema hapana, vitu vya zamani vinaleta uvivu.

Sitawadanganya, niliipenda ile mashine. Nilijifunza haraka. Unaandika habari ya ugonjwa asubuhi, inafika Goma kabla haujameza mate. Lakini njia ya satelaiti ilikuwa nyembamba, na megabaiti za mwezi zilipimwa kama mafuta ya taa. Picha moja kubwa ya kidonda ilitosha kuziba njia nzima. Kwa hiyo fundi aliyetumwa na ofisi akatuwekea programu ndogo ya kupunguza picha.

"Ni ya bure, Mama," akasema.

"Nani anaitengeneza bure?"

"Hiyo haikuhusu. Bure ni bure."

Haukupita muda, pembeni ya kioo yakaanza kutokea mambo. Motoka nyekundu, viatu, mwanamke mwenye nguo nusu anayesema nimeshinda zawadi. Mimi nayafunga, yanarudi. Nikampigia fundi, akasema niyazoee, kila mtu ameyazoea.

Sasa munisikilize vizuri. Ilikuwa siku ya chanjo. Uwanja wa kituo umejaa kina mama wa kambi ya wakimbizi wa vita na watoto wao. Asubuhi tulikuwa tumewapigia somo la kunawa mikono kwa kipaza sauti kikubwa, na waya wake ulikuwa bado umechomekwa kwenye ordinatere. Mimi niko mezani, natuma hesabu ya chanjo. Ghafla tangazo likafunguka lenyewe: mchezo wa vita, wa kuchezea kwenye mashine. Bunduki zikalia. Bomu likapasuka. Mwanaume akapiga kelele kwa lugha isiyojulikana. Na yote yakatoka kwenye kipaza sauti, uwanjani, Kashuga, wakati wa vita.

Pale Kashuga masasi yakilia hakuna anayeuliza. Uwanja wote uliondoka kwa mara moja, kama ndege waliorushiwa jiwe. Mgonjwa wa malaria aling'oa mpira wa serumu mkononi akaruka dirisha. Bibi mmoja aliingia chini ya benchi, akabaki anaomba huko kwa Kihunde. Sanduku la chanjo likakanyagwa, chupa zikavunjika. Mimi natafuta mahali pa kufunga lile tangazo, na kile kialama cha kufungia kilikuwa kidogo kama jicho la panya, tena kinahama kila nikikisogelea. Nikaishia kung'oa waya.

Halafu wakaja wenye bunduki za kweli, wale wa kizuizi cha barabarani, mbio, vidole tayari.

"Nani amepiga hapa?"

Titulaire wetu, ndiye muuguzi mkuu wa kituo, alitoka na mikono juu. Mtu wa sauti ndogo, lakini siku ile nilimwona ni mwanaume.

"Hakuna aliyepiga, wakubwa. Ni ordinatere."

"Ordinatere iko na bunduki?"

"Iko na tangazo."

"Tangazo ya nini?"

Nikawaonyesha. Walisimama nyuma yangu, harufu ya jasho na chuma, wakatazama ule mchezo bila sauti. Mkubwa wao alitazama mpaka mwisho, akauliza kama kuna sehemu ya pili. Kisha wakaenda wanacheka. Munaona? Hata ninyi mumecheka sasa hivi. Lakini kuna mama aliyekimbia na mtoto mgongoni, mtoto wake mwingine akamponyoka mkononi katika kukimbia, na tulimtafuta yule wa pili mpaka jua likaelekea kuzama. Tulimpata kwenye shamba la mahindi, hai, hawezi kusema. Ilimchukua siku kadhaa kutoa neno. Kina mama wengi hawakurudi kwenye chanjo.

Kuna mtu mahali fulani alilipwa kwa ajili ya tangazo lile. Alikaa kwenye kiti kizuri, akahesabu kwamba tangazo lake limeonekana Kashuga, akafurahi.

Niliiondoa programu ile kwa mkono wangu. Fundi akanikasirikia, nikamwambia aje yeye kuwaita kina mama. Hakuja.

Basi nikadhani nimemaliza. Kumbe mfumo wenyewe wa mashine, ule unaoiamsha na kuiendesha, nao ulikuwa na mpango wake. Siku moja kikatokea kidirisha: mfumo mpya uko tayari, ni zawadi, ni bure. Chini yake vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa "Sasa". Cha pili "Leo jioni". Nikatafuta kitufe cha hapana. Nikavaa miwani, nikakitafuta tena. Hapana haikuwepo.

Fikirini mtu anakuja mlangoni kwako na mzigo, anakuuliza: niingie sasa ao niingie jioni?

Kwenye kona kulikuwa na kile kisalaba chekundu cha kufungia, kile ambacho kila mtu anayejua mashine anajua maana yake: toka, sitaki. Nikakibonyeza. Kidirisha kikatoka. Kesho yake kikarudi, nikafunga. Siku ya tatu tena. Nilikuwa nafunga kama vile mtu anavyofukuza nzi kwenye chakula, kila siku, nikiwa na hakika kwamba nakataa.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Riziki.

Riziki alikuwa mama kijana wa kambi, mkulima wa mihogo aliyekimbia kutoka mlima wao pamoja na mume wake Bahati. Uchungu wa kuzaa ulimkamata usiku, na kulipopambazuka Titulaire akampima, akatoka nje anapangusa uso.

"Mutoto amelala kwa kukingama," akaniambia. "Hapa sitaweza. Lazima apasuliwe."

Hospitali haikuwa mbali, upande wa pili wa bonde. Lakini tangu siku iliyotangulia pande mbili zilikuwa zinapigana pale katikati, na mnara wa simu ulikuwa umenyamaza. Tulikuwa na njia moja tu, na ilikuwa imewahi kufanya kazi: ujumbe kwa ofisi ya Goma. Unaandika jina la mgonjwa, motoka itakayopita, na saa. Goma wanawasemesha wakubwa wa pande zote mbili, bunduki zinatulia kidogo, ambulansi inapita. Kwa njia ile tulikuwa tumeshapitisha watu, na walipona.

"Mama Phonie, andika," akasema Titulaire.

Nikaamsha grupu, ile jenereta yetu ndogo. Nikafungua ordinatere. Kioo kikawa cha buluu, na maandishi ya Kifaransa katikati: tunaandaa mfumo wako mpya, usizime mashine.

Nilidhani ni jambo la dakika. Namba ya asilimia ikasogea, ikasimama. Nikabonyeza kila kitu ninachokijua. Mashine haikunijibu, kama vile si mimi mwenye kazi pale.

Titulaire akarudi. "Imeenda?"

"Haijafunguka. Inajibadilisha."

"Inajibadilisha nini? Nani ameiambia?"

"Hakuna aliyeiambia."

"Zima! Zima hiyo kitu, uanze upya!"

"Imeandika tusizime. Tukizima katikati inaweza kufa kabisa, na hatutakuwa na kitu."

Tukaangaliana. Nyuma ya ukuta Riziki alikuwa analia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejizuia asisumbue. Bahati alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi, anatazama ile namba kama na yeye anaelewa. "Mama, inasema nini sasa?" aliniuliza. "Inasema tungoje," nikamwambia. Akasema, "Asante." Ile asante yake bado inaniuma.

Tulingoja. Mafuta ya grupu yalikuwa yanaenda, nikamimina yaliyobaki kwenye kidumu. Mwishowe mashine ikajizima, ikajiwasha, ikafungua picha ya ajabu: ufuko mweupe, maji ya kijani, mawe, hakuna mtu. Na juu ya picha, kwa Kifaransa kizuri, swali: je, unachokiona kinakupendeza?

Nilisoma mara ya pili nikidhani sielewi Kifaransa. Nyuma ya ukuta mtu anakufa, na mashine inaniuliza kama napendezwa.

Nikaingia haraka kutuma ujumbe. Mfumo mpya haukuitambua sahani ya satelaiti. Ilikuwa kama haijawahi kuwepo juu ya paa. Na baadaye nilikuja kuelewa kwamba hata kama ingeitambua, megabaiti zote za mwezi zilikuwa zimeliwa taratibu na ile zawadi, ikijishusha kimyakimya siku zile zote nilipokuwa nakataa.

Papa Kambale ndiye aliyetuokoa na kutazamana. Kamyo yake ilikuwa imekwama Kashuga kwa sababu ya mapigano. Alikuja kuuliza habari za barabara, akasikia habari ya Riziki. Alipanda juu ya kamyo, akakata turubai kwa kisu, turubai mpya kabisa, akalifunga kwenye miti miwili likawa kipoyi cha kumbeba mgonjwa. Akaita vijana wa kambi. Wa kwanza kuweka mti begani alikuwa yeye mwenyewe, mtu mnene vile, na viatu vyake vya mjini.

"Papa, wewe utaanguka," Titulaire akamwambia.

"Nikianguka mutanivuka. Twende."

Walizunguka kwa milima ya nyuma, mbali na masasi, na mvua iliwakuta juu. Walifika hospitali jua linashuka. Riziki alipasuliwa, akapona. Mtoto alikuwa ameshakufa tumboni, msichana. Daktari alimwambia Titulaire kwamba kama wangefika mapema siku ile, mtoto angekuwa hai.

Nilibaki ofisini na ile picha ya ufuko.

Simu iliporudi nikampigia yule fundi. Nikamweleza yote. Akasema:

"Mama, utakuwa ulibonyeza kitu."

"Nilibonyeza kisalaba. Kufunga."

"Ndiyo hiyo. Kwa hiki kidirisha, kufunga inahesabiwa kama umekubali. Ukitaka kukataa ilibidi uingie ndani, kuna maandishi madogo."

"Kufunga mulango ni kukaribisha?"

"Njo vile wameifanya, Mama. Ni kwa usalama wenu."

Usalama wetu. Nilikata simu, maana neno lililokuwa mdomoni mwangu halifai mtu aliyebatizwa. Na kwenye ripoti ya ofisi waliandika kwamba mawasiliano yalikatika kwa sababu ya vita. Vita kweli ilikuwepo, ninyi wenyewe munaijua, imekula ndugu zenu. Lakini asubuhi ile sahani yetu ilikuwa nzima, grupu ilikuwa inanguruma, na mimi nilikuwa kwenye kiti changu tayari. Vita haikuugusa ujumbe wa Riziki. Ujumbe ulizuiwa na watu ambao hawakuwa na ugomvi na sisi, waliotaka tu idadi ya mashine zao mpya ipande. Mumpe kila mmoja kosa lake.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Walikale, nikaenda na ile ordinatere ndani ya blanketi. Huko kulikuwa na fundi mmoja, dada Masika, aliyetengeneza mashine za wafanyabiashara wa dhahabu kwenye kibanda cha mbao, msitu unaanza nyuma ya ukuta wake. Nilipomsimulia aliweka bisibisi chini. Hakuniambia nizoee.

"Tunafuta yote," akasema. "Tunaweka mufumo mwingine. Huu nao ni wa bure, lakini wa bure ya kweli. Walioutengeneza wameuacha wazi, na ukisema hapana inasikia."

Mwanzoni nilipotea, vitufe havikuwa mahali pake, nikalalamika kama mke mpya jikoni kwa mama mkwe. Lakini ile mashine ilifanya kazi Walikale mpaka nilipostaafu, na haikujibadilisha hata mara moja bila mimi kuitaka.

Alichonifundisha Masika nawapa ninyi, na musinifanye nirudie. Programu ya bure inapoingia, musibonyeze "suivant, suivant", yaani endelea, endelea, kama mtu anayemeza dawa kwa macho yaliyofungwa. Chagueni njia ile ndefu, ya kujichagulia, na mule ndani mutakuta vile viboksi ambavyo wamevitia alama kwa niaba yenu. Viondoeni vyote. Iambieni mashine kwamba njia yenu ya intaneti inapimwa. Kuna mahali pa kuiambia, nitawaonyesha, na hapo itaacha kushusha mizigo kwa siri. Sikatai mise à jour, huko kusasisha mashine. Kuna zinazoziba matundu ya wezi, na hizo muziweke, lakini muweke siku ambayo hakuna mgonjwa, mafuta yapo, na chombo cha pili kiko pembeni kinafanya kazi. Na mukiwa kwenye kituo cha afya, musikubali kamwe waondoe redio ya zamani kabla ile mpya haijapita msimu wa vita na msimu wa mvua. Wakiwaita wavivu, muitike.

Nimeacha kitu kimoja. Ni cha Kashuga, kabla sijaenda Walikale.

Riziki alipopata nguvu alikuja ofisini. Titulaire alikuwa amewaeleza yeye na Bahati kila kitu, alikataa kuwaficha. Alikuja peke yake, amejifunga kitenge kifuani kwa nguvu, kwa sababu maziwa yalikuwa bado yanamsumbua.

"Mama, nionyeshe," akasema.

Nikampa kiti changu. Nikawasha. Ile picha ya ufuko ikafunguka, na lile swali lake. Nikamtafsiria. Alitazama muda mrefu. Hakulia. Akanyoosha mkono akagusa kioo, juu ya yale maji ya kijani, kama anayepima moto wa chungu.

"Bantu wa hii mashine," akaniuliza, "banajua kama sisi tuko hapa?"

"Hapana, mwanangu. Hawajui."

Akasimama, akaweka kiti sawa mahali alipokikuta.

"Basi kwetu banaingia namna gani?"